Kimbunga kikielekea Unguja na Pemba: kabla ya kuuliza upepo, uliza mwezi una siku ngapi

Ijumaa ya tarehe 3 Mei 2024, jioni, ami yangu alinipigia simu kutoka Mkokotoni. Salamu zilikuwa fupi. "Mwanangu, wewe unayekaa na simu kutwa, hicho kimbunga kinakuja au hakiji?" Nikamwambia Mamlaka ya Hali ya Hewa imesema Hidaya, ndilo jina la kimbunga hicho, iko baharini, inaelekea upande wa Mafia, na wavuvi wasitoke. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Leo mwezi ngapi?"

Alikusudia mwezi wa mbinguni. Nikaangalia kalenda ya msikiti iliyotundikwa ukutani: Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, tarehe ishirini na nne. "Basi maji mafu," akasema, yaani siku ambazo bahari haijai sana. "Alhamdulillahi. Ngoja nikavute chombo." Simu ikakatika.

Siku tatu nzima nilikuwa nasoma kasi za upepo na kutazama ramani zenye mistari ya rangi, na mzee asiyejua hata kupakua ramani akaliona jambo ambalo mimi sikuliwazia kabisa. Tangu siku ile, mtu akiniuliza habari za kimbunga visiwani kwetu, huanzia kwenye maji. Lakini ili maji yaeleweke, lazima kwanza tujue kimbunga chenyewe ni kitu gani, maana hata neno tumelichezea.

Kwetu kila upepo unaong'oa bati ni kimbunga. Kinyamkela kinachozungusha majani makavu uwanjani, wengine hukiita kimbunga kidogo. Mvua ya masika ikiangusha mwembe mmoja Fuoni, jioni utasikia Fuoni kumepiga kimbunga. Wataalamu wa hali ya hewa wana kitu kimoja tu wanachokiita hivyo: kundi kubwa la mawingu lenye upana wa mamia ya kilomita, lililozaliwa juu ya bahari yenye joto, linalozunguka kitovu ambacho mgandamizo wa hewa umeshuka. Katika upande huu wa Bahari ya Hindi hupewa jina upepo wake ukifikia kilomita 63 kwa saa. Hapo bado ni dhoruba. Ukifika kilomita 118 ndipo huitwa kimbunga kamili. Jina hutolewa na Madagaska au Morisi, kutegemea kimekuzwa upande gani wa bahari, kutoka kwenye orodha inayochangiwa na nchi za ukanda huu, Tanzania ikiwemo. Harikeni za Wamarekani na taifuni za Wajapani ni kitu hichohicho, ila bahari nyingine.

Chakula chake ni joto. Bahari ikiwa na nyuzi 26 au 27 za Selsiasi kwenda juu, mvuke hupanda kwa wingi, na ukigeuka mawingu huachia joto lake huko juu, hewa ikazidi kupaa, na hewa ya pembeni ikavutwa chini kujaza nafasi. Hewa hiyo ingeingia kitovuni moja kwa moja na kukizima, kama si mzunguko wa dunia unaoipinda ikaanza kuzunguka. Hapa ndipo tulipopata ngao yetu ya kwanza. Upindaji huo haupo kabisa kwenye ikweta, na hukua kadiri unavyokwenda mbali nayo. Pemba iko kwenye nyuzi 5 za kusini, Mjini Unguja nyuzi 6. Ukipiga hesabu, upindaji tulio nao ni theluthi moja hivi ya ule wa Morisi iliyo kwenye nyuzi 20. Ngao ya pili ni Madagaska, kisiwa kirefu kilicholala kusini-mashariki yetu na kupokea mapigo mengi ambayo pengine yangefika kusini mwa Tanzania.

Kwa hiyo wanaosema "Zanzibar haipigwi na vimbunga" hawakutunga uongo. Wamechukua neno "mara chache" wakaligeuza "kamwe", na hapo ndipo hatari ilipo.

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, alikuwa hajamaliza miaka miwili kwenye kiti, na merikebu zake zilizokuwa bandarini ziliangamia. Meli ya Glasgow aliyokuja kuiagiza Uingereza baadaye ilikuwa ya kuziba pengo lile. Minazi na mikarafuu ya Unguja ililala chini, sehemu kubwa ya mashamba ikafutika siku moja. Pemba kwa bahati iliguswa kidogo tu. Karafuu ilipopanda bei kwa uhaba, wenye mali wakapanda Pemba kwa wingi, na tangu hapo karafuu ikawa mali ya Pemba kuliko Unguja. Mtoto wa Wete anayeanika karafuu barazani leo anaendeleza uchumi ambao upepo wa siku moja ulichangia kuuhamisha kisiwa.

Tazama pia miezi. Unguja ilipigwa Aprili 1872. Lindi ilipigwa Aprili 1952. Kenneth ilipita kaskazini ya Ngazija na kutua Cabo Delgado, Msumbiji, Aprili 2019, Mtwara ikiwa roho juu. Jobo ilitukaribia Aprili 2021 ikafifia. Hidaya, Mei 2024. Msimu wa vimbunga wa bahari hii huanza Novemba, lakini vinavyosogea huku kwetu hupenda mkia wa msimu, kaskazi ikiwa imekwisha, kusi haijashika sawasawa, na bahari imekaa miezi ikiokwa na jua. Balaa lake ni kwamba huo ndio wakati wa masika. Ardhi imeshalewa maji, bonde la Mwanakwerekwe limejaa, Sebleni watu wameanza kupandisha magodoro juu ya makabati. Kimbunga hakihitaji kutugusa. Mvua ya pembeni mwake tu inatosha.

Maji yanapandaje

Sasa turudi kwenye swali la ami.

Kimbunga huinua bahari kwa njia mbili. Ya kwanza ni ule mgandamizo ulioshuka: hewa inapoacha kuilemea bahari, bahari huvimba, karibu sentimita moja kwa kila hektopaskali moja (kipimo cha mgandamizo wa hewa) iliyopungua. Kitovu chenye upungufu wa hektopaskali 40 huvimbisha bahari sentimita 40. Si nyingi. Ya pili ndiyo yenye nguvu: upepo husukuma maji kuelekea ufukweni, na kama kina ni kifupi, maji hayana pa kurudi, yakarundikana. Mkondo ulio kati ya Unguja na bara ni wa kina kifupi. Mkondo wa Pemba ni shimo la mamia ya mita, kwa hiyo maji yanayosukumwa huko yana njia ya kupenya chini na kurudi. Mpemba asifurahi mapema, lakini. Pwani yake imejaa mahori, na hori ni mfereji unaozidi kubana kadiri unavyoingia ndani; maji yakisukumwa mdomoni, hupanda zaidi kule mwisho, ambako ndiko watu walikojenga na ndiko mabonde ya mpunga yalipo.

Juu ya hayo yote, weka maji ya kawaida ya kujaa na kutoka. Siku za bamvua, maji yanapojaa sana na kukauka sana, tofauti kwetu kati ya maji makavu na maji yaliyojaa ni kama mita 4. Maji mafu hayafiki hata nusu ya hapo. Maana yake, maji yakijaa siku ya bamvua huwa juu kwa zaidi ya mita moja kuliko yakijaa siku ya maji mafu, bila upepo wowote. Mita moja ndiyo tofauti kati ya wimbi linalolamba mizizi ya mikoko na wimbi linaloingia jikoni kwa mtu.

Saa nazo zinajulikana. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na siku mbili tatu baada yake. Maji hujaa saa kumi hivi, alfajiri na alasiri, na hukauka asubuhi kiasi cha saa nne, ndiyo maana wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani huonekana mashambani wakati huo. Mwezi ukifika tarehe saba mpaka kumi, au ishirini na mbili mpaka ishirini na tano, ni maji mafu. Mtu mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani ana chombo cha kupimia hatari ambacho hakihitaji intaneti.

Hidaya ilitua Mafia Jumamosi ya tarehe 4 Mei, nguvu zikiwa zimeshapungua. Ilikuwa Mfunguo Mosi, 25. Maji mafu. Mwezi uliandama siku nne baadaye. Halafu nikafanya hesabu ya nyuma kwa udadisi wangu: tarehe 15 Aprili 1872 iliangukia karibu tarehe sita ya Mfunguo Tano, mwaka 1289. Mwezi ulikuwa na siku sita au saba. Kile kimbunga kilichoangamiza merikebu za Sayyid Barghash nacho kilikuja bahari ikielekea maji mafu. Tuliloliona, mara zote mbili, ni upepo uliopungukiwa na mshirika wake.

Kwa hiyo tangazo likitoka, hesabu hizi mbili zifanyike pamoja: kitovu kinatarajiwa kufika lini, na siku hiyo maji yanajaa saa ngapi. Kimbunga kinachopita saa nne asubuhi siku ya bamvua hukuta bahari iko mbali. Kikichelewa kwa muda wa saa sita, ni kisa kingine kabisa. Na vimbunga huchelewa.

Ukiupa uso upepo

Kusini mwa ikweta kimbunga huzunguka kama mishale ya saa. Kutokana na hilo manahodha wana kanuni nyepesi: simama ukiupa uso upepo, kitovu kiko mkono wako wa kushoto, nyuma kidogo. Upepo ukitoka kusi, kitovu kiko mashariki, baharini bado. Kikipita kaskazini yako, upepo utageuka taratibu kuelekea mashariki. Kikipita kusini yako karibu, utazunguka kwenda magharibi.

Jambo hili la mwisho lina uzito kwetu kuliko watu wanavyodhani. Bandari zetu karibu zote ziko upande wa magharibi: Malindi, Mkokotoni, Mkoani, Wete. Wahenga walizichagua kwa sababu pepo zetu mbili kubwa, kaskazi na kusi, huja na mashariki ndani yake, na kisiwa chenyewe kikawa ukuta. Kitovu kikipita karibu kusini yetu, ukuta huo unahama. Pale tulipozoea kuficha vyombo ndipo panapokuwa wazi, na chombo kilichofungwa kwa mazoea kinapigizwa gati.

Na kitovu kikipita juu ya kichwa? Upepo hukatika ghafla, mawingu yanaweza hata kufunguka, watoto wakatoka nje. Hilo ndilo jicho. Baada ya muda, dakika kadhaa au saa, upepo hurudi kutoka upande wa pili kabisa, na huwakuta watu juu ya mapaa wakipigilia bati. Utulivu wa ghafla katikati ya dhoruba si ruhusa ya kutoka ndani.

Tangazo linasema nini hasa

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mtazamo wa hali mbaya ya hewa wa siku tano, kwa ngazi tatu: angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa rangi ya machungwa, tahadhari kubwa kwa nyekundu. Wengi wetu husoma rangi tu na kuisambaza. Chini yake kuna mistari miwili ambayo ndiyo kiini: uwezekano wa kutokea, na kiwango cha athari. Hivi si kitu kimoja. Uwezekano unaweza kuwa mdogo na athari zikawa kubwa, na mtu mwenye busara anajiandaa kwa sababu ya huo mstari wa pili.

Jobo ilipofifia mwaka 2021, nilisikia barazani: "Tumetishwa bure." Baada ya Hidaya, vivyo hivyo, ingawa siku ile boti za Dar zilisitishwa na Mafia haikusalimika. Makisio ya njia ya kimbunga siku tatu mbele yanaweza kukosea zaidi ya kilomita 100 bila mtabiri kufanya kosa lolote. Kutoka Mafia hadi Mjini Unguja ni kama kilomita 200. Kupinda kidogo tu baharini kunabadilisha nani atakayelala nje. Tahadhari iliyopita bila madhara ni kama kulipa ada ya bima ya afya kwa mwaka ambao hukuugua.

Wengine walisema ni dua. Sina ugomvi na dua, nami nilikuwemo msikitini. Lakini yule bedui aliyemwacha ngamia wake bila kumfunga aliambiwa na Mtume amfunge kwanza, kisha atawakali, yaani amtegemee Mungu, na nimewaona wengi wakianzia nusu ya pili ya maneno hayo.

Sauti za WhatsApp zisizo na tarehe wala jina, zinazosema kimbunga kinaingia saa mbili usiku wa leo, zipuuze. Msikilize sheha, kiongozi wa mtaa wako, na redio.

Mikono ianze wapi

Vyombo kwanza, kwa kuwa vinahitaji watu wengi na maji ya kuelea. Chombo kipandishwe maji yakiwa yamejaa, na kisiachwe kwenye alama ya maji ya siku hiyo. Kipandishwe hadi juu ya alama ya bamvua, ile mistari ya mwani mkavu na takataka. Mlingoti ushushwe, foromali na tanga vipelekwe nyumbani, mashine ya boti ifunguliwe. Usikifunge kwenye mnazi. Mnazi wenyewe unaweza kusimama, nazi zake hazitasimama. Na walio dago waambiwe mapema, kwa sababu mvuvi wa Kojani aliyepiga kambi kisiwa cha mbali hana sheha wa kumgongea mlango. Bahari ya kawaida ya kusi imeshatufundisha vya kutosha: meli ya abiria ya Mv Skagit ilizama karibu na Chumbe Julai 2012 kwa upepo na mawimbi, na hapakuwa na kimbunga chochote.

Mkwezi naye aitwe siku tatu kabla, aangue nazi na makuti makavu yaliyo juu ya nyumba. Ukingoja siku ya mwisho hatapanda, na yuko sahihi.

Paa ndilo linaloua nyumba. Nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na kasi yake: kasi ikizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nne. Mawe na matairi tunayoyaweka juu ya bati hutosha kwa upepo wa masika. Kwenye kimbunga huwa ni makombora kwa jirani. Upepo hauling'oi bati kwa kulisukuma, huingia chini ya upenu na kulinyanyua, au huingia kwa dirisha lililo wazi upande unakotoka na kulisukuma paa kutoka ndani. Funga madirisha ya upande huo, funga kenchi kwenye ukuta kwa nondo au waya mnene, ongeza misumari ukingoni, ambako bati huanza kufunuka. Nyumba ya makuti na udongo haina cha kuongezewa siku hiyo: ihame. Mji Mkongwe kuna mtego tofauti. Kuta za mawe na chokaa ni nene na zinaonekana hazijali upepo, lakini zikinyeshewa mfululizo hunywa maji, zikalegea. Kama ukuta wako una nyufa, usilale chini yake eti kwa sababu umesimama miaka mia.

Maji ya kunywa ndiyo watu huyasahau. Mwaka 2008 waya wa umeme wa chini ya bahari ulipoharibika, Unguja ilikaa kama mwezi gizani. Desemba 2009 ikarudia, hadi Machi 2010. Waliokuwepo wanakumbuka kiza, lakini shida kubwa ilikuwa mifereji ya majumbani kukauka, kwa sababu visima vyetu huvutwa kwa pampu, na pampu hula umeme. Jaza madumu kabla. Dumu la lita 20 linamtosha mtu mmoja kunywa na kupikia siku nne au tano. Kisima cha nyumbani kifunikwe, na maji yakifurika usiyanywe bila kuyachemsha, kwa kuwa vyoo na visima mitaani kwetu ni majirani wa karibu mno na kipindupindu kinaijua njia.

Mengine ni madogo: tende na biskuti, redio ya betri, tochi, simu iliyojaa chaji, dawa za mgonjwa wa sukari au presha za wiki moja, kitambulisho na hati ya nyumba ndani ya kopo lenye kifuniko. Ningesema mfuko wa plastiki, lakini nisikutie mashakani na sheria.

Wa kuhama ahame mapema, mchana, na kwa kuangalia maji. Watu wa Uzi wanalijua hili kuliko sisi wa mjini. Miaka mingi njia yao ya kupita mikokoni ilifunikwa kila maji yakijaa, na mgonjwa alisubiri bahari ndipo apelekwe hospitali. Mzee wa Tumbatu au Fundo anayetaka kuvuka kwenda kwa mwanawe avuke siku mbili kabla, boti zikiwa bado zinakwenda. Muulize sheha ni skuli gani itakayofunguliwa kupokea watu, na iwe iliyo juu, isiwe ile inayojaa maji kila masika.

Chombo cha ami kilikaa juu, chini ya mti wa mkungu, tangu Ijumaa ile. Kwa kuwa alikipandisha juu ya alama ya bamvua, maji mafu hayakuweza kukifikia tena, na vijana walimcheka kuwa amejifungia riziki. Alingoja. Mwezi ukaandama, na Mfunguo Pili tarehe mbili, saa kumi alasiri, bahari ikakifuata chombo palepale kilipokuwa.